Tafuteni kipa wa pili kwanza

Mhariri, toleo lililopita mliuliza swali la wiki hivi: klabu yako ikipata fedha za usajili, izimwage zote kwa nyota mmoja au izigawe kwa wachezaji watatu wa kawaida? Hapa Busia, upande wa Uganda, nililisoma swali hilo kwa sauti kwenye kibanda tunachoangalia mpira, kabla mechi haijaanza. Mechi ikachezwa, ikaisha, watu wakala rolex zao, yaani chapati za kuviringishia mayai, na ubishi ukaendelea hadi mwenye kibanda akazima jenereta.

Kibanda chetu kiko nyuma ya maegesho ya malori. Madereva wanaosubiri karatasi zao zipite forodhani hulipa shilingi 1,000 kama sisi na hukaa benchi moja na sisi: wa Mombasa anayekwenda Juba, wa Nairobi anayekwenda Bunia, Wasamia na Wateso wa hapa hapa, vijana wa boda, na mama mmoja muuza mitumba wa soko la Sofia ambaye anaijua Arsenal kuliko wanaume wote mle ndani. Kila mtu ana lugha ya kwao, lakini mpira tunaubishia kwa Kiswahili.

Nami nina jibu, na sikulipata kwenye televisheni. Mimi ni mweka hazina wa timu ya mtaa wetu. Desemba 2024 tulikuwa na shilingi 950,000 za usajili kwa ajili ya kombe la Krismasi linalochezwa mitaani kwetu. Zilichangwa na vijana wa boda, akina mama wa sokoni na mawakala wawili wa forodha wanaopenda mpira. Nilizihesabu mwenyewe mezani, nyingi zikiwa noti za elfu moja na za elfu mbili. Tukavuka mpaka tukamleta mshambuliaji kutoka upande wa Kenya. Laki nane zake mkononi, na zilizobaki tukamnunulia viatu. Zikaisha zote.

Wiki hiyo hiyo kijana mmoja wa Sofia alikuwa ametufuata. Ni kipa. Aliomba shilingi 120,000 na jozi ya glovu, akae benchi nyuma ya kipa wetu. Tulimwambia asubiri mwaka ujao. Kipa wetu, tulisema, haumwi hata mafua.

Nusu fainali ilikuwa tarehe 26. Kipa wetu ni mchukuzi, hushusha mizigo hapa mpakani. Asubuhi ile alikuwa anashusha magunia ya mahindi, mlango wa nyuma wa lori ukamfunga vidole. Alikuja uwanjani mkono umefungwa kitenge. Tukatazamana. Mwisho tukamvalisha glovu beki wetu wa kulia kwa sababu ndiye mrefu kuliko wote. Glovu zilikuwa ndogo kwake, mkanda wa kifundo ukakataa kufika, ukawa unaning'inia. Bao la tatu nililiona kwa karibu, nilikuwa nimesimama nyuma ya lango. Krosi ya kawaida tu, mpira umelowa. Akaruka, akaupiga ngumi mbili kama tunavyoona wakubwa wakifanya, ukampita juu ya kichwa ukaingia wavuni. Alibaki amepiga magoti, anaangalia zile glovu.

Tulifungwa 4-2. Mabao yetu yote mawili yalifungwa na yule mshambuliaji wa laki nane. Hapo ndipo panaponiuma hadi leo: nyota wetu alifanya kila tulichomlipia. Na yule kijana wa Sofia alikuwa amesimama pale kwenye kona, katikati ya watazamaji. Hakusema neno.

Mwaka mzima tulibishana juu ya mechi ile. Wengine walisema ni bahati mbaya, lori haliwezi kumfunga mtu vidole kila Krismasi. Mwenyekiti wetu alisema kumlipa mtu akae tu ni kuchezea michango ya watu. Sikuwa na jibu la kuwanyamazisha mpaka usiku wa tarehe 30 Desemba 2025.

Usiku huo Uganda Cranes, timu yetu ya taifa, walicheza na Nigeria mjini Fez, mechi ya mwisho ya kundi la AFCON, Kombe la Mataifa ya Afrika, kule Morocco. Siku tatu kabla tulikuwa tumetoka sare ya 1-1 na Watanzania, kwa hiyo kibanda kilijaa hadi watu wakasimama nje ya mlango. Denis Onyango alianza golini. Huyo hana haja ya kuelezwa: alitangazwa mchezaji bora wa Afrika wa mwaka 2016 kwa wanaocheza ndani ya bara, kipa, na Mganda. Kipindi cha pili kikaanza bila yeye, ameumia. Akaingia Salim Jamal Magoola. Muda si mrefu naye akadaka mpira nje ya eneo lake, kadi nyekundu. Kibanda kizima kikanyamaza. Kisha kamera ikaonyesha kipa wa tatu, Nafian Alionzi, anavua koti.

Tusidanganyane: kipa wa tatu wa timu ya taifa tulikuwa tunamwita mtalii. Anapelekwa kubeba mipira, anapiga picha, anarudi nyumbani. Yule mtalii aliingia mbele ya washambuliaji wa Nigeria, tuko kumi uwanjani, na mechi ikaisha 3-1. Hatukushinda, wala sisemi angetuokoa. Lakini aliyeingia alikuwa kipa, mtu aliyefanya mazoezi ya kipa kila siku akijua huenda asiitwe kamwe. Hakuna beki aliyeazimwa glovu. Nilimgeukia mwenyekiti wetu, alikuwa benchi la nyuma yangu. Akaniangalia, akatikisa kichwa tu.

Sasa niseme jibu langu kwa swali lenu. Kabla ya nyota na kabla ya wale watatu, pitia kikosi chako namba kwa namba, na kila namba jiulize: huyu akiumia kesho, nani anaingia? Ukifika kwenye namba ambayo huna jina la kutaja, hapo ndipo fedha ziende. Pengine tundu hilo linazibwa na kijana wa 120,000, pengine linahitaji mtu wa milioni mia. Bei ifuate tundu.

Mashabiki wa Arsenal wanalijua hili kwa maumivu, na Uganda hii tumejaa. Msimu wa 2022-23 walikaa kileleni siku 248 na ubingwa wakaukosa. Tarehe 22 Januari 2023 walipoifunga Manchester United 3-2, Jinja watu walitoka barabarani na jezi nyekundu na kombe la kuigiza hadi polisi wakawakamata baadhi yao kwa kuandamana bila kibali. Wengi wanakumbuka ule ukamataji, wachache wanakumbuka nani alifunga bao la dakika ya mwisho. Ni Eddie Nketiah, mchezaji wa akiba. Alikuwa uwanjani kwa sababu Gabriel Jesus alikuwa ameumia goti kwenye Kombe la Dunia kule Qatar. Siku ile benchi ndilo lililowapa watu wa Jinja furaha yao.

Halafu ikaja Machi 16, mechi ya Ulaya na Sporting ya Lisbon. William Saliba akaumia mgongo, na Tomiyasu naye akatoka kipindi kile kile cha kwanza. Mabeki wawili ndani ya dakika chache. Nafasi ya Saliba ikashikwa na Rob Holding. Mechi mbili za kwanza za ligi zilikwenda vizuri, tukajipa moyo. Kisha Aprili: Liverpool tuliongoza 2-0, tukatoka 2-2. West Ham tuliongoza 2-0, tukatoka 2-2. Southampton waliokuwa wanashuka daraja, 3-3. Kwa Manchester City tukalala 4-1. Yule mama wa mitumba aliacha kuja kibandani wiki tatu.

Kuna jambo hapa ambalo wabishi wengi hulipita. Arsenal walikuwa wamemnunua beki Januari ile ile, Jakub Kiwior. Jina lilikuwepo kwenye karatasi. Ila mwalimu alikuwa bado hajamwamini kumpa mechi kubwa. Kwa hiyo kikosi kipana hakihesabiwi kwa vichwa. Mtu wa akiba anatakiwa apewe dakika Septemba ili awe tayari Aprili, na anayefika Januari mara nyingi anakuwa tayari msimu unaofuata.

Liverpool nao. Julai 2020, wametoka kutwaa ubingwa, walimuuza beki wao Dejan Lovren kwenda Zenit na hawakununua mwingine mahali pake. Lovren hakuwa wa kuanza, kila mtu alikubali aende. Oktoba 17, Virgil van Dijk akavunjwa goti kwenye mechi na Everton. Baadaye Joe Gomez, kisha Joel Matip. Mwisho viungo Fabinho na Henderson wakawa wanacheza beki wa kati. Mabingwa wale wale walipoteza mechi sita mfululizo za ligi nyumbani kwao Anfield. Unapomtoa kiungo wako mkabaji ukamweka beki, umepoteza watu wawili kwa jeraha moja, kwa sababu kule mbele nako umeacha wazi. Beki wetu wa kulia alipovaa glovu, bao la kwanza tulilofungwa lilitoka wapi? Upande wa kulia.

Hapo dereva mmoja wa Mombasa, shabiki wa Liverpool wa miaka mingi, alinipinga, na alinipinga kwa haki. Alisema, "Mzee, wewe unasema benchi, benchi. Sisi Alisson alitupa makombe, na alikuwa ghali." Ni kweli kabisa. Fainali ya Kiev ya Mei 2018 Liverpool walifungwa 3-1 na Real Madrid, na kipa Karius alifanya makosa mawili ambayo dunia nzima iliyaona. Julai wakatoa kama pauni milioni 65 kwa Alisson. Mwaka 2019 Ulaya, 2020 ligi. Nilimjibu kwamba hiyo ndiyo hoja yangu hasa: walijua tundu liko wapi wakapeleka fedha pale pale. Sina ugomvi na bei kubwa. Ugomvi wangu ni na bei kubwa inayokwenda mahali ambapo tayari una mtu.

Kuhusu bei zenyewe, kibandani huwa tunazitaja kama vile zilitolewa kwa mkupuo kwenye mfuko wa nailoni. Declan Rice wa Arsenal, pauni milioni 105 mwaka 2023, ukijumlisha na nyongeza. Kwa fedha yetu ni zaidi ya shilingi bilioni 450, na kijana wa boda akiisikia hesabu hiyo hushika kichwa. Lakini vitabuni mhasibu wa klabu huigawa ada kwa miaka ya mkataba. Mchezaji wa milioni 100 akisaini miaka mitano, kila mwaka anaandikwa milioni 20. Ndiyo maana Chelsea walimpa Mudryk mkataba wa miaka minane na nusu Januari 2023, ili mzigo wa kila mwaka uwe mwepesi. UEFA, shirikisho la mpira la Ulaya, wakauziba mlango huo mwaka ule ule kwa kuweka kikomo cha miaka mitano cha kuigawa ada, na Ligi Kuu ya Uingereza ikafuata Desemba. Na mchezaji aliyelelewa kwenye akademi yako ukimuuza, ada yote inaingia kama faida kwa kuwa hukumnunua. Hapo unaelewa kwa nini klabu inamuuza mtoto wa nyumbani anayependwa na kubaki na mgeni ambaye hachezi.

Bei pia ni suala la nani ana haraka. Paul Pogba aliondoka Manchester United bure mwaka 2012, wakamrudisha 2016 kwa pauni milioni 89, akaondoka tena bure 2022. Mtu yule yule, miguu ile ile. Na kuna bei inayotajwa na bei inayofika benki. Wenzetu wa Simba waliwahi kumuuza Emmanuel Okwi, kijana wetu, kwa Étoile du Sahel ya Tunisia kwa dola 300,000, Januari 2013. Watu walijivunia ile namba kutoka Dar es Salaam hadi Kampala. Fedha zikakwama hadi shauri likafika FIFA. Kwa hiyo mtu akiniambia timu fulani ina nguvu kwa sababu imemuuza fulani kwa kiasi fulani, mimi huuliza kwanza, zimeingia?

Wapo watakaonijibu kwa Leicester. Kila mbishi wa mpira ana Leicester mfukoni: Vardy kwa pauni milioni 1, Mahrez kwa chini ya nusu milioni, ubingwa wa 2016. Naiheshimu hadithi hiyo. Ila msimu ule Leicester hawakuwa Ulaya na walitolewa mapema kwenye makombe yote mawili ya nyumbani. Walikuwa wanacheza Jumamosi, wanapumzika wiki nzima, wanacheza Jumamosi. Kumi na moja wale wale wanaweza kufika kwa mwendo huo. Timu yenye mechi Jumatano haiwezi.

Na wapo watakaosema basi tununue watu kwa wingi. Hapana. Chelsea walisajili kwa mamia ya milioni msimu wa 2022-23 wakamaliza nafasi ya 12. Ukiwa na mawinga sita hujapanua kikosi, umejaza chumba. Upana ni kuwa na mtu nyuma ya kila mtu.

Turudi nyumbani, kwa sababu mfano unaoniuma kuliko wote ni wa Vipers, klabu ya hapa Uganda yenye uwanja wake Kitende. Oktoba 2022 waliwatoa TP Mazembe kwa penalti, kule kule Lubumbashi, wakaingia makundi ya Ligi ya Mabingwa Afrika kwa mara ya kwanza. Usiku ule hata sisi tusio wa Kitende tulipiga honi. Lakini mfungaji wao mkuu, Cesar Manzoki, alishaondoka kwenda Dalian ya China. Januari kocha wao Robertinho akachukuliwa na Simba. Makundi yakaanza Februari, na mechi ya kwanza wakapigwa 5-0 na Raja ya Morocco. Kisha wakakutana na Simba hiyo hiyo, na kocha wao wa zamani amesimama benchi la pili. Wakafungwa 1-0 Kitende, wakafungwa 1-0 Dar es Salaam. Walimaliza mkiani. Ukizitazama zile 1-0 mbili, timu haikuzidiwa sana. Ilikosa mtu wa kufunga.

Siwalaumu kwa kuuza. Klabu ya Uganda isiyouza haili. Farouk Miya alitoka Vipers kwenda Standard Liège Januari 2016, na Septemba mwaka ule ule ndiye aliyefunga bao dhidi ya Comoro pale uwanja wa taifa wa Namboole lililoturudisha AFCON baada ya miaka 39. Kuuza kulimkuza yeye na kukatukuza sisi. Ninachoomba kwa viongozi wa klabu zetu zote, kubwa na ndogo, ni kwamba siku ya kusaini karatasi ya kumuuza namba tisa, iwepo mezani karatasi ya pili yenye jina la namba tisa mwingine, hata akiwa mtoto wa akademi wa miaka 18 ambaye ameshapewa mechi kumi. Fedha ya mauzo ikishaingia kwenye madeni ya mishahara na mafuta ya basi, hairudi tena kumtafuta.

Halafu kuna huyu mtu wa benchi mwenyewe, ambaye hatumwimbii wimbo. Kukaa ni kazi ngumu. Anafanya mazoezi sawa na wengine, anakula kidogo kuliko wengine, na akiingia anaingia siku mambo yameharibika, wote wanamtazama kana kwamba yeye ndiye aliyeyaharibu. Mwalimu wetu amezoea kumwita mchezaji wa akiba kwa jina lake la kwanza kabla ya mechi na kumweleza dakika ambayo huenda akahitajika. Nimeona tofauti. Kijana aliyeelezwa huchungulia mechi kwa macho mengine.

Januari hii tulikaa kikao chini ya mwembe. Safari hii tulikuwa na 700,000 tu, biashara mpakani ilikuwa baridi. Mshambuliaji mpya alitajwa, akasifiwa, video zake zikazungushwa kwenye simu. Mwenyekiti, yule yule wa benchi la nyuma, ndiye aliyesimama akasema tuanze na golini. Hakuna aliyebisha. Nilitembea mwenyewe hadi Sofia na bahasha. Kijana alizihesabu mara mbili, akauliza kama glovu zimo au ni baadaye. Nilikuwa nazo begani.

Amevaa namba 16. Bado hajacheza hata dakika moja. Kila siku saa kumi na nusu jioni yuko uwanjani kabla ya wote, anajipigia mpira ukutani kwa shule ya msingi, anaudaka, anajipigia tena, na yule beki wetu wa kulia humfuata akamrushia krosi.